Jina la Mama kwenye Cheti cha Tulia

Mbeya
Jumapili, 19 Januari 2025

Dada Agness,

Nimempoteza mwanangu Jumanne tarehe 14 Januari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule yenu. Shikamoo naiweka hapa kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Ingekuwa ni moyo unaoandika, ningeiruka.

Nilikwenda kumwombea uhamisho. Nilikuwa na barua ya shule ya huku iliyomkubali darasa la pili, picha zake nne, na sare imeshashonwa. Mwalimu akafungua faili, akasoma, akaniangalia, akasoma tena. Akaniuliza mimi ni nani wa mtoto. Nikasema mama yake. Akaligeuza faili niione nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mama: Agness Andrea. Baba: Lukasi Ambindwile, mumeo. Sikusoma zaidi ya hapo, macho yaligoma.

“Dada, uhamisho anaomba mzazi,” akaniambia, tena kwa upole. “Mzazi akija hata leo mchana nasaini.”

Nikarudi kwako. Nikala ndizi zako, nikakuaga kama siku zote, maana Tulia alikuwa amekaa kwenye mkeka kati yetu. Na kwenye simu nikipandisha sauti kidogo tu unasema mtandao unakata. Kwenye barua mtandao haukati. Rehana wa duka la Tukuyu anapanda Mbeya kuchukua vitenge kila Jumatatu na Alhamisi, atakuwa posta wetu.

Mimi nahesabu, ndiyo kazi iliyonitoa kwenye kuuza maziwa ya ng'ombe wa watu. Niliondoka kwenda masomoni tarehe 30 Agosti 2021, Tulia ana miaka minne na miezi mitatu. Nilirudi tarehe 2 Machi 2024. Siku 915, na ile miezi sita ya mwisho ilikuwa lazima ya chuo, unajua. Ufadhili wa Uholanzi niliuomba mara tano, nikanyimwa mara nne. Baba yake Tulia alishaenda zake kabla mtoto hajaota jino. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna harambee iliyoitishwa kanisani. Mtu pekee niliyemwomba kitu ni wewe, na nilikuomba umtunze. Sikukugawia.

Tangu nirudi nimekaa na Tulia siku 41, likizo mbili na Jumapili za kuvizia. Katika siku hizo namwita, hageuki. Namwita tena, hageuki. Wewe ukimwita kutoka jikoni anaruka kama ameungua. Na mimi ananiita “mama wa Mbeya”, kama mtu anavyosema mchele wa Kyela. Kiburi kile mtoto hakuokota njiani.

Ijumaa tarehe 31, saa tatu asubuhi, nitakuwa Tukuyu kwenye ofisi za wilaya. Njoo na Lukasi, mje na cheti halisi.

Mdogo wako,
Tusekile


Masukulu
22 Januari 2025

Mdogo wangu Tusekile,

Ugonile. Barua yako Rehana aliileta na mzigo wake kichwani, akasema bahasha hii nzito, mdogo wako kaweka nini. Nikamwambia kaweka hasira. Akacheka, akaomba maji, akakaa mpaka nikamaliza kusoma ili auone uso wangu. Sikumpa uso.

Mimi si mtu wa kuandika, darasa la saba langu unalijua. Lakini umetaka barua, basi soma polepole.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2023, Jumanne, Tulia aliamka anasema kichwa. Nikampa uji, akatapika. Mchana shingo ikakauka, haipindi, ukimgusa analia bila sauti. Lukasi alimfunga mgongoni kwangu kwa kitenge, tukapanda pikipiki watatu mpaka hospitali, mvua inatupiga. Wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Wanataka kumtoa maji ya mgongo, na wanataka saini ya mama.

Nikasema mama yuko Uholanzi. Yule daktari alikuwa amechoka. Akaniambia, “Nimekuuliza mama, sijakuuliza Uholanzi.”

Nikaandika Agness. Kuanzia siku hiyo kila karatasi ilifuata ile ya kwanza. Ndivyo cheti kilivyopatikana. Na kwetu hapa, mama mkubwa si mama? Wewe mwenyewe ulimwita mama mkubwa Anyelwisye mama mpaka tulipomzika.

Tulilala hospitali siku kumi na moja. Utaniuliza kwa nini sikukupigia. Nilikuwa na ujumbe wako kwenye simu, ninao hata leo, sikuufuta: “Dada, wiki mbili hizi msinipigie, labda awe amekufa mtu.”

Hakuna aliyekufa.

Sikio lake la kushoto halisikii. Liliondoka na ile homa. Mwalimu wake amemweka dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili lile zima lielekee kwake. Akiwa amekupa mgongo hajui umemwita. Mimi nikimwita kutoka jikoni nagonga sufuria kwanza, ndiyo unaona anaruka. Uliporudi ulikuwa na furaha ya shahada yako, unagawa chokoleti mpaka kwa watoto wa jirani, nikasema nitamwambia kesho. Kesho nayo ikapita. Tulia aliniomba nisikuambie, aliogopa utalia mbele za watu. Nami nikasema mama yake ni msomi, atagundua mwenyewe.

Umekaa naye siku 41, umesema. Mimi sihesabu.

Tarehe 31 tutakuja kama unataka.

Ni mimi dada yako,
Agness


Mbeya
Jumapili, 26 Januari 2025

Dada Agness,

Shikamoo. Hii naiandika kwa moyo. Msije tarehe 31.

Barua yako niliisoma kazini, kwenye chumba cha baridi tunakohifadhi parachichi, maana ndiko hakuna mtu. Nikatoka mikono imekufa ganzi, wakadhani naumwa. Hapa wananiita Madamu Ubora. Natembea kati ya meza na kalamu, tunda lenye doa dogo kama kichwa cha sindano naliona nikiwa hatua tatu. Wiki mbili nzima mwezi wa sita mtoto alilala kitanda kimoja na mimi. Kila usiku alikuwa anachagua upande wa ukutani, akalalia sikio la kulia, nikimsimulia kitu hajibu, nikajua amelala. Nikamwona anaangalia midomo yangu nikiongea, nikafurahi. Nikajisemea, ananipenda huyu, hanibandui macho.

Nimetafuta shajara yangu ya kule. Jumanne tarehe 14 Novemba 2023: saa tatu, kuwasilisha kazi yangu mbele ya mameneja. Chini yake, kwa wino wa kijani, maneno mawili: siku njema.

Sitaandika zaidi juu ya hilo, kwa sababu nikianza nitakuwa naomba unionee huruma na wewe ndiye uliyempakata siku kumi na moja.

Ila bado namtaka, dada. Tena sasa ndiyo zaidi. Nimempata daktari wa masikio hapa Mbeya, nimeshapanga siku. Na nimeshapanga maisha yake. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi, namwacha kwa jirani yangu Arafa, mshonaji, mama mtu mzima mwenye adabu zake. Arafa anamvusha barabara kwenda shule. Saa nane anampokea, anampa chakula, anakaa naye. Mimi msimu ukiwa umepamba moto narudi saa mbili usiku, siku nyingine saa moja. Jumapili nzima ni yake. Akina mama wengi wanaishi hivyo na watoto wanakua.

Nijibu taratibu.

Mdogo wako,
Tusekile


Masukulu
5 Februari 2025

Mdogo wangu,

Ugonile. Nimechelewa, tulikuwa na msiba kwa akina Hosea, siku tano niko kwenye masufuria ya watu.

Mpango wako nimemsomea Lukasi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema hesabu nzuri hii, sasa mtoto anamwona mama yake saa ngapi. Nikachukua kalamu ya Tulia, nikajaribu hesabu zenu. Unarudi saa mbili, yeye analala saa tatu. Saa moja. Humo kuna kula na kuoga. Akila anaangalia sahani, hawezi kusoma midomo yako.

Huyo Arafa anajua asimame upande upi akimvusha barabara? Gari likitoka kushoto kwake hasikii. Hapa nimemfundisha ageuze kichwa kama kuku kabla hajavuka, na wenzake wanamcheka, naye anageuza tu. Ukimpeleka kwa mtu, mtu huyo aanze upya kujua.

Sikusemi kwa kazi yako. Siku ile redioni waliposema parachichi za Rungwe zinapanda ndege, Tulia aliwaambia watoto wote wa huku chini kwamba ni mama yake wa Mbeya anayezipa ruhusa ya kupanda. Wakabisha mpaka wakapigana. Alirudi na gauni limechanika, anajivuna.

Aliuliza kama unajua kusuka nywele. Nikamwambia unajua. Unajua?

Daktari wa masikio mpeleke, siku utakayosema nitamleta mwenyewe.

Agness


Tukuyu, dukani kwa Rehana
Ijumaa, 14 Februari 2025

Dada Agness,

Shikamoo. Naandika nimesimama, kwenye meza ya kupimia vitambaa, nisije nikafika Mbeya nikalainika.

Nilishuka kuuliza utaratibu wa kurekebisha cheti, tufanye bila kukusumbua. Karani akatafuta kwenye kumbukumbu zao, akanisomea. Safari hii nilisoma mpaka chini. Cheti kilitolewa Ijumaa tarehe 6 Oktoba 2023. Tulia aliugua Jumanne tarehe 14 Novemba. Kutoka hapo mpaka hapo ni siku 39.

Uliniambia uliandika jina lako hospitali kwa sababu ya homa, na karatasi nyingine zikafuata. Karatasi imetangulia homa kwa siku 39. Wiki tatu nimekuwa nikilala na kosa langu na lako nikiwa nimeyabeba yote mawili.

Usinijibu kwa habari za nywele.

Tusekile


Masukulu
19 Februari 2025

Tusekile,

Umenipata.

Ilikuwa hivi. Mtoto alitakiwa aandikishwe darasa la kwanza, na bila cheti mwalimu anahangaisha. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, akaniandikia barua: mama wa mtoto ni Tusekile Andrea, yuko masomoni nje ya nchi, anayemlea ni dada yake. Akagonga muhuri. Barua hiyo ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeikunja mara mbili. Kadi ya kliniki jina lako lilikuwa limefutika kwa maji tangu zamani, halisomeki.

Karani akauliza jina la mama. Nikasema Agness Andrea. Hakunilazimisha mtu. Barua sikuitoa. Lukasi alikuwa amesimama pembeni yangu, akasikia, na tulipofika nyumbani akaenda kukamua ng'ombe. Yale ya hospitali ni kweli, daktari yule ni wa kweli, ila nilipoandika Agness pale nilikuwa nimeshazoea.

Wewe unaitwa Madamu. Mimi nilikaa miaka kumi na moja naitwa mke wa Lukasi. Unajua msibani kazi zinavyogawiwa huku. Mama fulani, wewe simamia ndizi. Mama Lugano, wewe kaa na wafiwa ndani. Wakifika kwangu wanasema, na wewe mke wa Lukasi nenda na mabinti mkachote maji. Nimechota maji na mabinti mpaka mabinti wale wakaolewa, wakazaa, wakarudi kusimamia ndizi, nami bado niko kisimani na wadogo zao. Mwaka uliomwacha Tulia, kwenye msiba wa kwanza, yule mama anayegawa kazi alimwona kashika gauni langu. Akasema, Mama Tulia, kaa hapa kwenye ndizi. Nilimenya siku ile mpaka nikajikata kidole, sikusikia maumivu.

Halafu mwezi wa nane 2023 ukaandika kwamba hurudi, unaongezewa miezi sita. Tulia alikuwa ameshahesabu siku kwenye ukuta kwa mkaa, za kukupokea. Nikazifuta kwa tope mwenyewe. Nikasema huyu harudi, wakienda hawarudi hawa. Nikaenda kwa karani.

Si kwamba najitetea. Nilikuibia. Nilijua ni wizi, na nilivaa gauni la kanisani siku ya kwenda kukichukua cheti.

Cheti ninacho, nimekiweka ndani ya Biblia. Sema nikilete wapi.

Agness


Mbeya
Jumapili, 23 Februari 2025

Dada Agness,

Shikamoo.

Nilitaka nikukasirikie wiki nzima. Nimeshindwa, na nitakuambia kwa nini, kisha nina jambo la kukuuliza.

Ile miezi sita haikuwa lazima ya chuo. Masomo yaliisha tarehe 31 Agosti 2023. Tiketi ya kurudi ilikuwa kwenye ufadhili, tarehe imeandikwa. Kampuni moja ya kule inayofungasha matunda ilitaka mtu wa kufanya nao majaribio, wakanichagua mimi kati ya watu kumi na tisa. Niliuliza naruhusiwa kufikiria siku ngapi. Wakasema tatu. Nilijibu siku hiyohiyo. Nyumbani nikaandika kwamba chuo kimenilazimisha, kwa sababu nilijua ukisikia nimechagua, utaniuliza, na Tulia je.

Kuanzia tarehe mosi Septemba mpaka nilipotua ni siku 183. Siku uliyokwenda kwa karani imo ndani ya hizo. Siku ya homa imo. Ule wino wa kijani umo. Siku 732 za mwanzo naweza kuzisimamia mbele ya mtu yeyote, niliziomba na ulizikubali. Hizi 183 niliziiba mimi kwanza, na wewe ulikuja kuiba kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishaacha mlango wazi. Hata kazi hii niliyonayo leo walinipa kwa ajili ya zile siku. Nikisema nazijutia zote nitakuwa nakudanganya tena. Nazijutia kila asubuhi na kila asubuhi naingia kazini kwa sababu ya hizohizo.

Sasa mambo ya kufanya.

Cheti kitasahihishwa. Hilo silijadili, maana siku moja litakuja kumbana yeye, si sisi. Utakuja na barua ya mtendaji kama bado unayo, nami nitasema mbele ya yeyote kwamba lilikuwa kosa la kuandikisha wakati sipo, na sitasema zaidi. Jina la Mama Tulia, la huko kwenye ndizi, libaki kwako. Huku hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na sitaki kuja kulivaa kama gauni la kuazima.

Daktari wa masikio alimwona Tulia Ijumaa iliyopita kama unavyojua. Ulikaa naye upande mmoja, mimi upande wa pili. Daktari alipouliza alianza lini kusikia vibaya, alijibu Tulia mwenyewe. Alipata tarehe sawasawa. Usiku ule sikulala. Jumamosi nilikwenda kwa bosi.

Kampuni inafungua kituo cha kupokelea matunda hapo Tukuyu, kuanzia mwezi wa tatu. Wanatafuta msimamizi. Hakuna maabara, hakuna safari za nje, watu kumi na wawili na mizani mbili. Kazi inaanza saa mbili asubuhi inaisha saa tisa na nusu. Nikiichukua, hii ya Mbeya anapewa mwenzangu Tamimu, na hairudi. Bosi alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Akasema, “Madamu, ulisomea haya yote uje ukapokee mifuko?” Nikamwomba siku chache. Amenipa mpaka Ijumaa.

Nikishuka Tukuyu, Tulia ataishi na mimi. Jumatatu mpaka Ijumaa analala kwangu, anasoma Tukuyu, nampokea mimi saa kumi kasoro, si Arafa, si mtu mwingine. Ijumaa jioni anakuja kwenu mpaka Jumapili. Likizo tunagawana nusu kwa nusu. Utanifundisha kugonga sufuria, kumvusha barabara, na kusuka, maana ulipouliza kama najua, sijui.

Lakini nikimchukua bila wewe kukubali, atakuwa anakaa kwangu kama mgonjwa aliyelazwa, anahesabu siku za kutoka. Nimeshamwona akihesabu. Sitaacha kazi niliyoitafuta miaka kumi na tano ili nije kuwa jela ya mtoto.

Na kuna jambo la mwisho, nalisema ili usije ukaligundua kwenye tarehe fulani kama nilivyogundua lako. Kuna sehemu yangu inayoomba useme hapana. Ukisema hapana, nitabaki na maabara yangu, nitakuja Jumapili na mikate, na kosa litakuwa lako. Nimeiona sehemu hiyo vizuri sana tangu jana. Ndiyo maana siwezi kujiuliza mwenyewe, nakuuliza wewe.

Hujawahi kusema unachotaka. Barua zako mbili za kwanza ulisema anachohitaji mtoto, upande upi, saa ngapi, sahani gani; ya tatu ulisema ulichofanya. Safari hii usiniambie ya Tulia. Usiniandikie habari za mvua wala za msiba, wala usimtume Lukasi. Rehana anapanda Alhamisi. Mpe karatasi moja, hata iwe ya daftari, yenye neno moja.

Nimchukue, wewe Agness unakubali nimchukue? Ndiyo au hapana, iwe mkononi mwangu kabla ya Ijumaa tarehe 28 Februari, saa sita kamili mchana.

Mdogo wako,
Tusekile